Shule ipunguzeje matumizi ya maji bila kuhatarisha usafi?

Swali – Mwalimu wa Zamu
Ndugu wanajukwaa, nasimamia matumizi ya maji katika shule ya kutwa. Bili inazidi kupanda ilhali idadi ya wanafunzi ni ileile. Uongozi unapendekeza koki za kunawia mikono zifungwe nje ya saa za mapumziko, jambo ambalo siliafiki hata kidogo, kwa kuwa mtoto anayetoka chooni katikati ya kipindi atakosa pa kunawa. Tuanzie wapi?

Jibu – Fundi Bomba
Mwalimu, una haki ya kupinga. Kabla ya kumnyima mtoto maji, tafuteni kwanza yanakopotelea. Someni mita jioni watu wote wakishaondoka, kisha muisome tena alfajiri kabla lango halijafunguliwa. Tarakimu zikiwa zimesogea, na hakuna tangi la akiba lililokuwa likijaa usiku huo, basi kuna mahali panapovuja. Mimi huanzia vyooni, ambako maji huweza kuchuruzika kutoka kwenye tangi la kuvutia maji ya choo, mchana na usiku, pasipo mtu kusikia chochote. Tieni rangi ya chakula ndani ya tangi hilo na msivute maji kwa nusu saa: rangi ikijitokeza kwenye bakuli la choo, mpira wa chini umechakaa. Koki nazo msizidharau, kwani inayodondosha tone moja kila sekunde huweza kupoteza lita 20 kwa siku, na mara nyingi tiba yake ni mpira mdogo tu.

Jibu – Mlezi wa Klabu ya Mazingira
Naafikiana na Fundi, ila msilisahau paa. Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Hivyo paa la mita za mraba 300, mvua ikinyesha milimita 10, hupokea lita 3,000, ingawa sehemu yake hurukia nje ya mifereji. Maji ya mwanzo yaacheni yapite, kwa sababu hubeba vumbi na kinyesi cha ndege. Yanayobaki yanafaa kwa kudekia na kuvutia vyoo.

Mwalimu wa Zamu
Nashukuru sana. Je, maji yaliyokwisha kunawia mikono yanaweza kumwagiliwa bustani?

Mlezi wa Klabu ya Mazingira
Miti na maua, ndiyo. Mboga zinazoliwa mbichi, hapana. Yatumieni siku hiyohiyo, kwani yakilala huanza kunuka.