Cheti kimekwama "pending": klasta iko Kigoma nyuma ya ruta ya laini

fundi_ujiji: Wakuu, naomba msaada. Nina klasta ya k3s (Kubernetes nyepesi, ya kuendesha programu kwenye kompyuta kadhaa), kompyuta ndogo za Raspberry Pi 4 tatu, ofisini Kigoma mjini. Intaneti ni ya ruta ya laini ya simu. Nimeweka cert-manager (programu ya kuomba vyeti vya HTTPS na kuvifanya upya) na ClusterIssuer (mpangilio wa mtoaji vyeti) ya Let's Encrypt, watoaji wa vyeti vya bure, kwa HTTP-01, njia ambayo wao hukagua jina lako kwa kulifungua kupitia poti 80. Tangu jana cheti kiko "pending" na cert-manager inaandika "failed to perform self check GET request". Poti 80 nimefungua kwenye ruta, wapi! Watumiaji wote wako humu humu ofisini.

seva_tabora: Mkuu, poti 80 haikusaidii. Laini za simu mara nyingi hugawana IP moja ya nje kwa wateja wengi, kwa hiyo ombi la Let's Encrypt halifiki kwako kabisa. Angalia IP ya WAN (upande wa nje) kwenye ukurasa wa ruta: ikiwa kati ya 100.64 na 100.127, uko kwenye IP ya kugawana, achana na HTTP-01.

Tumia DNS-01. cert-manager huandika rekodi ya TXT (ya maandishi) kwenye _acme-challenge ya jina lako, na Let's Encrypt huisoma huko huko kwenye DNS. Tokeni ya DNS (ufunguo wa kuhariri rekodi) iweke kwenye Secret (hifadhi ya siri ya Kubernetes) ndani ya nemspesi (eneo lililotengwa kwenye klasta) ya cert-manager, si ya programu yako. Hapo ndipo wengi hukwama. Rekodi ya A (inayounganisha jina na IP) ielekeze kwenye IP ya ndani, mfano 192.168.1.20. Ruta nyingine hukataa majibu ya namna hiyo; jina lisipofunguka, liandike kwenye DNS ya ruta yenyewe.

Anza na seva ya majaribio, acme-staging-v02.api.letsencrypt.org, tafadhali. Kwenye seva halisi, cheti chenye majina yale yale hutolewa mara 5 tu kwa siku 7.

mwanga_juu: Naongezea. Pi 4 haina saa yenye betri. Umeme ukikatika, moja ikawaka na saa iliyobaki nyuma, cheti cha CA (mtoaji vyeti) yako ya ndani kilichotolewa sasa hivi itakikataa: "not yet valid". Washa chrony (husawazisha saa kupitia mtandao) kwenye zote tatu, au funga saa ya betri ya DS3231 kwenye pini.

Pia usipachike cheti kwenye kontena kwa subPath (kupachika faili moja moja). cert-manager hufanya upya cheti cha siku 90 zikibaki 30, lakini faili la subPath hubaki lile la zamani mpaka podi (kifurushi cha kontena) iwashwe upya.

fundi_ujiji: WAN inasoma 100.72. Nahamia DNS-01. Secret ya cheti chenyewe ikae wapi?

seva_tabora: Nemspesi ile ile ya Ingress (kanuni za kupeleka maombi kwenye programu). Ikikaa kwingine, Traefik, inayopokea maombi kwenye k3s, itatoa cheti chake cha kubuni na simu zitalalamika. Kagua kwa `kubectl get certificate -A`. READY ikisoma True, ndipo ubadilishe kwenda seva halisi.