Je, neva bandia zinafanana kweli na ubongo, au ni jina tu?

MwalimuBaiolojia
Wanajamvi, salaam. Ninafundisha baiolojia kidato cha tatu. Wiki iliyopita, nikiwa ninachora seli ya neva ubaoni, mwanafunzi mmoja aliuliza kama hizo ndizo neva zinazosemwa kuwa zimo ndani ya programu za akili mnemba. Nilimjibu kwamba ni jina la kuazima tu, lakini nilipofika nyumbani nilianza kulitilia shaka jibu langu mwenyewe. Je, kuna ufanano wowote wa kweli? Na kama upo, imekuwaje ubongo utosheke na takriban wati 20, ilhali programu hizo huendeshwa katika vituo vya data vinavyokula umeme kama mji mdogo?

FundiProgramu
Mwalimu, hukukosea, ila ulifupisha mno. Mwaka 1943 Warren McCulloch na Walter Pitts waliieleza seli ya neva kama kituo cha hesabu: hupokea ishara, huzijumlisha, na jumla ikifika kwenye kizingiti, seli hutoa ishara yake. Mwaka 1958 Frank Rosenblatt alieleza jinsi neva za namna hiyo zinavyoweza kujifunza kwa kurekebisha uzito wa kila ishara.

Mfano wa ubaoni ni huu. Neva moja inaamua kama embe limeiva kwa kutazama rangi (uzito 2), ulaini (uzito 3) na harufu (uzito 4), na kizingiti ni 6. Sifa ikiwepo ishara yake ni 1, isipokuwepo ni 0, na ishara huzidishwa kwa uzito wake. Linakuja embe la njano, laini, lisilonukia: jumla ni 5, kwa hiyo neva inanyamaza. Unalikata na kukuta limeiva. Hapo unaongeza 1 kwenye uzito wa rangi na 1 kwenye ulaini. Embe jingine la aina hiyo likija, jumla itakuwa 7 na neva italitambua. Programu za leo hufanya hesabu za jamii hiyo zikiwa na mabilioni ya namba za uzito, zilizopangwa katika matabaka mengi. Njia ya kusahihisha matabaka hayo kwa kurudisha kosa nyuma, kutoka tabaka la mwisho kuelekea la kwanza, ilienezwa na makala ya Rumelhart, Hinton na Williams ya mwaka 1986.

MtaalamuWaNeva
Maelezo ya embe ni mazuri, lakini nina pingamizi. Seli hai haipitishi namba. Hutoa mipigo ya umeme ambayo kila mmoja hudumu kama milisekunde moja, kisha hunyamaza, na muda wa mpigo wenyewe ni sehemu ya ujumbe. Kati ya seli na seli kuna kemikali, na kemikali hizo hubadilika kufuatana na usingizi, njaa na hofu. Tena hakuna aliyethibitisha kwamba ubongo hurudisha makosa nyuma kwa njia ile ya mwaka 1986.

Hata hivyo, upo mkopo mmoja wa kweli. Mwishoni mwa miaka ya 1950, David Hubel na Torsten Wiesel walikuwa wakimwonyesha paka vitone huku wakisikiliza seli moja ya ubongo wake, nayo haikuitikia, hadi ukingo wa kioo cha slaidi ulipopita mbele ya macho yake kama mstari, ndipo ikaanza kupiga mfululizo. Kutokana na ugunduzi huo wa seli zinazotambua mistari, Kunihiko Fukushima aliunda mtandao wake wa kutambua maumbo mwaka 1980, na mitandao inayotambua picha leo ni ya ukoo huo.

MhandisiChipu
Nijibu la umeme, kwa kuwa limeachwa. Katika kompyuta ya kawaida kumbukumbu na kichakataji hukaa mbalimbali, kama mpishi ambaye maji yake yapo kisimani: kila sufuria ya ugali ni safari, na umeme mwingi huishia njiani. Katika ubongo, kumbukumbu imo katika viungio vilevile vya seli na seli vinavyofanya kazi, na seli isiyo na la kusema hutumia umeme kidogo. Chipu ya TrueNorth ya IBM, ya mwaka 2014, iliiga mpango huo: neva bandia milioni 1 na viungio milioni 256, kwa takriban miliwati 70. Mwaka 2024 Intel ilitangaza Hala Point, kompyuta iliyoundwa kwa chipu nyingi za aina hiyo, yenye neva bilioni 1.15 na inayotumia wati zisizozidi 2,600. Ubongo wa binadamu una neva zipatazo bilioni 86. Kinachozikwamisha chipu hizi, kwa maoni yangu, ni programu: zana karibu zote tulizonazo zilitengenezwa kwa ajili ya chipu za michoro (GPU), ambazo ndizo zinazoendesha programu nyingi za akili mnemba.

MwalimuBaiolojia
Ahsanteni sana. Kesho nitakwenda na embe darasani. Lakini mbona uzito wa harufu umeachwa palepale kwenye 4?

FundiProgramu
Kwa sababu embe lile halikunuka, Mwalimu. Ishara ilikuwa 0, na 0 ikizidishwa kwa uzito wowote hubaki 0. Harufu haikuchangia kosa, kwa hiyo hairekebishwi.