Dogo kaishiwa tena

Dogo: Shikamooni wote. Samahani kwa usumbufu, naomba mtu aniokoe na elfu 50. Bumu la mkopo wa chuo limekata.

Mjomba: Marahaba. Limekata? Si juzi tu ulituwekea picha ya raba mpya humu 😂

Dogo: Leo siku ya 34, mjomba.

Mama: Elfu kumi kwa siku, siku 60. Laki sita zimeenda wapi, baba?

Dogo: Mama hata mimi sielewi. Sinywi, sivuti.

Shangazi: Nani kasema unavuta? Jana umetumia nini? Andika kila kitu, hata pipi.

Dogo: Chai na chapati 1,500. Boda kwenda na kurudi 2,000. Wali maharage 2,000. Soda 700. Bando 1,000. Chipsi mayai 3,000. Mchango wa besdei ya mshikaji 2,000

Shangazi: 12,200. Na makato ya kutolea hujaweka.

Dogo: Hayo huwa sihesabu

Dada: Ndo hapo sasa. Mimi nilikuwa natoa elfu tano tano, kila nikitoa nakatwa. Toa mara moja kwa wiki.

Shangazi: Chumba bei gani?

Dogo: 120,000 miezi miwili. Raba 65,000 🙈

Shangazi: Basi elfu kumi kwa siku hukuwa nayo hata mara moja. Ondoa chumba, ondoa raba, inabaki 415,000. Gawa kwa 60, elfu saba haifiki. We unakula 12,200.

Mjomba: Kumbe raba ndo zimekula wali

Mama: Bibi yuko hapa anauliza, huko Dodoma hamna jiko mpaka chai ununue?

Dogo: Lipo, gesi imeisha

Shangazi: Kujaza mtungi mdogo ni kama chipsi zako za siku nane. Haya, elfu 50 kwa mpigo sitoi. Leo natuma ya gesi, halafu 30,000 kila Jumatatu mpaka bumu lijalo. Jumapili usiku nione picha ya daftari. Hapa gengeni hata nyanya iliyooza naiandika.

Dogo: Asante sana shangazi. Kuna programu ya simu ya kuandika matumizi, naweza kutumia hiyo?

Shangazi: Bando likiisha je? Nunua daftari.

Baba: Safi sana. Vijana wafundishwe hesabu mapema.

Mama: Na wewe baba watoto, ile laki ya fundi uliiandika wapi?

Baba: 🚫 Ujumbe huu umefutwa

Mjomba: Shemeji, tumeshausoma 😂