Gemu za mtandaoni na watu wa nje: wanakuitaje, na mnakutana saa ngapi? Tupeane uzoefu

Wa Lanet, Nakuru
Wadau wa Nakuru, Kisumu na magharibi yote, leo ligi tuiweke kando. Nataka tusimuliane habari za kucheza na watu wa nchi za mbali: wamekupa jina gani, na saa zenu mnazipatanisha vipi?

Naanza mwenyewe. Jina langu kwenye Call of Duty: Mobile lina "Nax Vegas" ndani yake, na hapa kila mtoto anajua hiyo ni Nakuru. Jamaa mmoja wa Nevada hakujua. Aliona Vegas akaamini amepata jirani, akawa ananialika kila mara: saa tatu usiku, usichelewe. Saa tatu yake ya usiku ni saa moja yangu ya asubuhi, siku ya pili, na wakati wao wa baridi ni saa mbili. Mimi niko stejini nangoja matatu ya kwenda mjini, yeye ndiyo kwanza anavua viatu. Nikamwacha na imani yake kwa muda, maana analenga vizuri sana huyo kijana. Siku nilipomwambia niko Kenya, na kwamba Jumamosi yake mimi nishaivuka niko Jumapili, akanibatiza "Sunday". Ndilo jina langu mpaka leo.

Wa Kondele, Kisumu
Mimi naitwa Kipchoge. Sijawahi kukimbia hata nyuma ya matatu. Shida ilianza 2018, Kipchoge mwenyewe alipomaliza marathoni ya Berlin kwa saa 2:01:39. Tangu hapo, kwenye PUBG, gemu ya vita, duara la eneo salama likianza kufunga, Wapolandi wote kwenye kikosi wanapiga kelele: Kipchoge, kimbia! Nimewaeleza kwamba Kisumu ni samaki na mpira, na kwamba Kipchoge ni wa Nandi kule juu. Haijasaidia kitu.

Wa Lanet, Nakuru
Afadhali wewe. Beshte yangu wa Free Area anaitwa "Africa". Nchi 54, zote kabebeshwa yeye.

Wa Kakamega
Kabla ya 2020, ukoo wetu wa PUBG Mobile, yaani kundi letu la wachezaji, ulijaa Wahindi wa Pune na Hyderabad. Wako mbele yetu kwa saa mbili na nusu, na hiyo nusu ndiyo ilikuwa inaleta kesi kila siku. Wakipanga saa tatu usiku, kwetu ni saa kumi na mbili na nusu jioni: kuku hawajaingia, maziwa hayajachukuliwa, na mama anaita kwa jina kamili. Nimeacha wenzangu katikati ya vita mara nyingi kwa sababu ya kuku.

Wao waliniita "Nairobi bhai", yaani kaka wa Nairobi. Nikawaambia kutoka kwetu hadi Nairobi ni zaidi ya kilomita 300, na kwetu kuna msitu. Wakauliza kama una simba. Nikasema una nyani na ndege. Wakaona msitu usio na simba hauna faida, wakarudi kwenye Nairobi.

Halafu Septemba 2020 serikali yao ikapiga marufuku programu 118, na PUBG Mobile ikiwemo. Watu wakaanza kupungua, na mwisho wa Oktoba wakafungiwa kabisa. Ukoo ukabaki na sisi wachache na Mmisri mmoja asiyeongea. 2021 wakaletewa BGMI, toleo la gemu hiyo la kwao peke yao, kwa hiyo hata kukutana kwa bahati hakuna tena. Mmoja bado hunitumia salamu za Diwali. Anaanza vile vile: Nairobi bhai.

Dada wa Njoro
Mimi ni Clash of Clans tu. Humo hakuna kuchagua seva, ile kompyuta inayoendesha gemu, mko dunia nzima pamoja. Vita vina saa 23 za kujiandaa na 24 za kushambulia, kwa hiyo ukoo wenye watu wa nchi tofauti una raha yake: kuna mtu macho kila saa. Wafilipino wako mbele kwa saa tano, Wairani kwa nusu saa, mimi nafuata. Walipojua mimi ni mwanamke na nimewazidi umri, Wafilipino wote wakaanza kuniita "Ate" kama dada yao mkubwa. Nikaona hakuna haja ya kukataa heshima. Sasa nawatuma.

Wa Kondele, Kisumu
Kuna hili pia. Kwenye Dota 2 orodha ya seva haina Afrika Mashariki. Kuna Dubai, kuna Afrika Kusini, na kila mtu anachagua kulingana na pingi anayopata, yaani mtandao unavyochelewa. Ukiingia Dubai unaitwa habibi. Ukiingia ile nyingine unaulizwa uko Joburg mtaa gani. Dubai wako mbele yetu kwa saa moja, Johannesburg wako nyuma kwa saa moja, na sisi katikati hatuna hata jina. Mimi naona ni dharau, lakini nacheza.

Wa Bungoma
Mimi Warabu wamenifaa. Riyadh na sisi saa ni ile ile, hakuna hesabu. Mwezi wa Ramadhani wanacheza mpaka daku, ukiamka saa tisa usiku unakuta lobi imejaa kama soko la Chwele. Na Esports World Cup, mashindano makubwa ya gemu, ilipoanza kwao 2024, niliangalia mechi jioni kama mtu anayeangalia habari.

Wa Maseno
Kikosi changu kina Waingereza, Wajerumani na Wamarekani wawili, na mwenye saa ya kuaminika ni mimi peke yangu. Wenzangu wanasogeza saa mara mbili kwa mwaka, mbele wakati wa joto na nyuma wakati wa baridi, na hata hawasogezi pamoja. Marekani inaanza Jumapili ya pili ya Machi, Ulaya inangoja ya mwisho. Hapo katikati ni wiki mbili au tatu za vurugu tupu: New York iliyozoea kuwa nyuma ya London kwa saa tano inakuwa nne, na kila mtu anaapa yeye ndiye aliyefika kwa wakati. Mwisho wa Oktoba Ulaya inarudisha, Marekani inafuata wiki moja baadaye, matusi yanaanza upya. Kwangu London ni saa tatu nyuma wakati wa baridi, mbili wakati wa joto, nimeshakariri.

Mjerumani aliniuliza kwa nini sisi hatusogezi. Nikapiga picha ile alama ya Ikweta hapa kwenye barabara ya Busia nikamtumia. Iwe Januari iwe Julai, jua letu hutoka kwenye saa moja kasorobo hivi. Ukisogeza saa utakuwa umemsumbua nani, ng'ombe? Tangu hapo naitwa Equator, na ratiba ya kikosi inaandikwa kwa saa za Maseno.

Wa Kitale
Equator, nisaidie. Kuna Wabrazili wa São Paulo wananitaka Jumamosi saa mbili usiku yao.

Wa Maseno
Wako nyuma kwa saa sita, na kusogeza saa waliacha 2019. Kwako ni saa nane usiku, Jumapili tayari.

Wa Kitale
Sawa, nitaenda ibada ya pili.