Mtoto wa miezi 9 ana mafua: je, chanjo ya surua iahirishwe?

Mleta uzi:
Habari zenu, wakuu. Kesho ni tarehe ya mwanangu ya chanjo ya surua, lakini tangu juzi anatokwa na kamasi na kukohoa kidogo, na jioni hii kipimajoto kimesoma nyuzi 37.8. Ananyonya na kucheza kama kawaida. Mama mkwe anashauri tusubiri apone kabisa. Naomba ushauri.

Mchangiaji:
Pole, dada. Mama mkwe yuko sahihi, kwani mwili unaopambana na mafua usiongezewe mzigo. Wiki mbili tatu si kitu.

Muuguzi wa watoto:
Naomba kutofautiana na ndugu aliyetangulia. Mafua, kikohozi chepesi, kuharisha kidogo au homa ndogo si sababu ya kuahirisha chanjo, hata kama mtoto yumo kwenye dozi ya antibayotiki. Watoto wa umri huu hupata mafua mfululizo, kiasi kwamba anayesubiri siku isiyo na kamasi anaweza kusubiri miezi, ilhali kinga ambayo mtoto alizaliwa nayo kutoka kwa mama inazidi kufifia.

Kinachoahirisha chanjo ni ugonjwa mzito. Kwa hiyo mfunue kifua akiwa ametulia, umhesabie pumzi kwa dakika nzima. Zikifika 50 au zaidi, au sehemu ya chini ya kifua ikibonyea ndani anapovuta hewa, huenda ni nimonia, naye apelekwe kutibiwa mara moja. Vivyo hivyo akishindwa kunyonya, akitapika kila kitu, akipata degedege au akilegea.

Mleta uzi:
Nashukuru sana. Nimehesabu pumzi 36, na kifua hakibonyei. Je, nimpe parasetamoli kabla ya sindano?

Muuguzi wa watoto:
Hapana haja. Homa ya chanjo hii kwa kawaida haiji siku hiyohiyo, bali kati ya siku ya 5 na ya 12, pengine pamoja na vipele vidogo, na wazazi wengi hudhani ni ugonjwa mpya. Ikimsumbua, ndipo umpe parasetamoli kulingana na uzito wake. Kesho mweleze mhudumu habari za mafua, na umjulishe iwapo mtoto aliwahi kupata mzio mkali baada ya chanjo au ana upungufu mkubwa wa kinga, maana hivyo ndivyo vizuizi vya kweli. Usiondoke kabla tarehe ya dozi ya pili haijaandikwa kwenye kadi.