Nguvu za Jedi: zinarithiwa au mtu huchaguliwa?

mtazamaji_ntinda

Wadau, habari za jioni. Nisaidieni kumaliza ubishi wa vibandani tunakotazama filamu. Kwenye filamu za Star Wars, Nguvu, ule uwezo wa ajabu wa wapiganaji wa Jedi, inapita kwenye damu ya ukoo au haipiti? Wengine wanashikilia maneno ya Luke, mwana wa Anakin Skywalker, katika filamu ya 1983: baba anayo, yeye anayo, dada yake anayo. Wengine wanasema filamu ya 2017 ilimwonyesha shujaa Rey kuwa mtoto wa watu wasiojulikana, na mwishoni mtoto wa zizini akauvuta ufagio bila kuushika, kwa hiyo ukoo si hoja. Halafu 2019 Rey akawa mjukuu wa Palpatine, yule mtawala mwovu mwenye Nguvu! VJ, yaani msimulizi wa kibandani, anapotafsiri kwa Kiluganda, habari za midikloriani (vijiumbe vya ndani ya seli vinavyohusishwa na Nguvu) hupita kasi, na wengi hawajui kwamba damu ya Anakin iliwahi kupimwa. Nataka ushahidi wa ndani ya hadithi, si "mimi naona". Nami naandika hadithi yangu ya anga, sitaki ijipinge.

maabara_mbale

Ndugu Ntinda, tuanze na kile kipimo, maana ushahidi uko pale. Katika filamu ya 1999, Qui-Gon, mwalimu wa Jedi, anachukua damu kidogo ya Anakin, akiwa bado mtoto, kwenye sayari ya Tatooine, anamtumia mwanafunzi wake Obi-Wan vipimo chomboni. Jibu linakuja: zaidi ya 20,000, na hata Yoda, mkuu wa Jedi, hafikii hapo. Kinachohesabiwa si jeni. Midikloriani ni viumbe hai wadogo mno wanaoishi ndani ya seli kwa kushirikiana na mwenyeji wao. Kwa hiyo cha kuuliza ni hao viumbe waliingiaje, na kwa nini kwa mtoto huyu wamejaa hivyo.

Wengi hapo hukimbilia mfano wa mitokondria (sehemu za seli zinazotoa nishati), kwa kuwa nazo zimo ndani ya seli na asili yake ni bakteria waliomezwa na seli nyingine zamani sana. Mfano mzuri, lakini upelekeni mpaka mwisho. Mitokondria za binadamu hutoka kwa mama. Zile za baba, zilizomo kwenye mbegu, huharibiwa baada ya yai kurutubishwa. Midikloriani wangefuata njia hiyo, Luke na dada yake Leia wangepata wa mama yao Padmé, ambaye haonyeshi Nguvu popote, na wa Anakin wangeishia kwake. Jacen, mtoto wa Kanan na Hera, ni vilevile: mwenye Nguvu ni baba. Ben Solo, mwana wa Leia, peke yake ndiye anayekubaliana na njia ya mama. Mimi nadharia hiyo nimeiweka kando.

hesabu_gulu

Sawa kabisa, ila jeni nayo ipimwe kabla ya kutupwa.

Chukueni selimundu, ambayo kila mzazi Uganda ameisikia kliniki. Utafiti wa kitaifa uliochapishwa 2016 ulikuta 13.3% ya watoto waliopimwa ni wabebaji (AS) na 0.7% wana ugonjwa (SS). Wazazi wawili wa AS wako wazima, lakini kila mimba ina nafasi 1 kati ya 4 ya kuwa SS. Anayetetea jeni husema Jedi huzaliwa hivyohivyo kwa wazazi wasio na Nguvu: jeni fiche, isiyoonekana mpaka mtu apate nakala mbili, moja kwa kila mzazi.

Sasa ingizeni sheria ya Jedi. Hawaruhusiwi ndoa, na Obi-Wan katika filamu ya 1977 anasema wamelinda amani kwa zaidi ya vizazi elfu moja. Kama wenye nakala mbili hawazai, kiwango cha jeni hushuka hivi: kiwango cha mwanzo ÷ (1 + vizazi × kiwango cha mwanzo). Anza na 0.1, vizazi 1,000, unapata 0.1 ÷ 101, karibu 0.001. Wenye nakala mbili wanakuwa 1 kati ya milioni, wabebaji kama 1 kati ya 500. Mpaka hapo inapendeza: Jedi ni wachache lakini hawatoweki.

Inaharibikia kwa familia ya Skywalker. Padmé lazima awe mbebaji: 1/500. Luke na Leia ni pacha wasiofanana, kila mmoja ana nafasi 1/2, wote wawili 1/4. Hiyo ni 1/2,000. Han, baba yake Ben, naye lazima awe mbebaji ndipo Ben apate: 1/500 × 1/2, yaani 1/1,000. Zidisha, umefika 1 kati ya milioni mbili kwa familia moja. Jeni inayotawala, ambayo nakala moja inatosha, ingewaokoa, lakini yenyewe ingefagiliwa mapema, kwa sababu kila aliye nayo huonekana na kupelekwa kwenye hekalu la Jedi akiwa mdogo.

Na hata mkikubali bahati hiyo, Yoda, Plo Koon na Ahsoka si binadamu, na kila mmoja ni wa aina yake. Jeni kwa kawaida haihami kati ya viumbe wasiozaliana.

dada_wa_arua

Kaka Gulu, umesahau ushahidi mzito kuliko wote: baba yake Rey. Filamu ya 2019 inamtaja tu kama mwana wa Palpatine. Kitabu kilichoandikwa kutokana na filamu hiyo ndicho kinachoeleza kwamba alikuwa kloni, yaani mtu aliyenakiliwa kutoka mwili wa mwingine, ingawa si nakala kamili, na hakuwa na Nguvu. Mwili umetokana na Palpatine, Nguvu haikuja. Kisha binti anazaliwa nayo tele. Nikisikia mtu anasema "ni DNA tu", namwomba anieleze huyo mzee.

Upande wa pili kuna Sabine kwenye mfululizo wa Ahsoka wa 2023. Huyang, roboti aliyefundisha Jedi, anamwambia waziwazi kwamba kipaji chake kiko chini ya kila mwanafunzi aliyewahi kumwona. Kipindi cha nane anauvuta upanga wa mwanga, kisha anamsukuma rafiki yake Ezra kwa Nguvu avuke kwenda kwenye meli. Kwa hiyo mazoezi nayo yana uzito wake.

Mimi naisoma hivi: ukoo huongeza nafasi, lakini mwenye kuchagua ni Nguvu yenyewe. Kwa imani ya jadi ya Buganda, lubaale (roho ya mungu wa jadi) hujichagulia emmandwa wake, mtu wa kumpagawa na kusema kupitia kwake. Mara nyingi humpata ndani ya ukoo uleule, lakini si kila mtoto wa ukoo anakuwa emmandwa. Ukisoma Skywalker kwa macho hayo, Luke hakukosea kutaja familia yake, na yule mtoto wa zizini naye hana haja ya kutafutiwa babu.

mtazamaji_ntinda

Asanteni sana, dada na ndugu zangu. Ya "nafasi na kuchaguliwa" naichukua kibandani. Kwenye hadithi yangu, hata hivyo, nataka urithi wa mwili hasa, na koo ziwe na uzito. Nifuate kanuni ipi?

maabara_mbale

Basi weka jeni kwenye kromosomu X (mwanamke ana X mbili, mwanamume X moja na Y), iwe fiche. Baba mwenye nguvu humpa kila binti nakala moja, na hampi mwana hata mmoja, kwa sababu mwana hupata Y ya baba. Binti hubeba bila kuonyesha chochote. Kila mwana wa binti huyo ana nafasi 1/2 ya kuzaliwa nayo. Mwanamke huwa nayo pale tu baba anapokuwa nayo na mama akawa angalau mbebaji.

Chora vizazi vinne kabla ya sura ya kwanza: mraba kwa mwanamume, duara kwa mwanamke, rangi nzima kwa mwenye nguvu, nukta katikati kwa mbebaji. Hadithi nyingi huharibikia katikati, mwandishi anapohitaji shujaa mpya akamgawia nguvu bila kurudi kwenye mchoro. Ukikuta mwana amepewa na baba yake moja kwa moja, futa, au mtafutie mama mbebaji.

Na kwa koo zako kuna faida kubwa. Mtoto hufuata ukoo wa baba, nguvu inapita kwa mama. Mzee shujaa wa ukoo wa Mmamba, wana wake wote watoke bure. Nguvu yake izuke kwa mwana wa binti yake, mjukuu ambaye kwa baba yake ni wa ukoo wa Ngo. Wazee wa pande zote mbili watamdai huyo kijana, na kila upande una hoja ya kweli.