Avoka ngapi kwa siku kwa mama mwenye tansio?

BintiKadutu: Wakubwa, shikamoo. Mama yangu ana tansio, yaani presha ya damu. Jirani anasema avoka inaishusha, na kokwa lake likikaushwa na kusagwa ni dawa. Avoka za Kabare zimejaa sokoni hapa Kadutu. Ale ngapi kwa siku? Nisaidieni, silali.

PapaSambaza: Avoka ni chakula cha kweli. Mafuta yake yanafaa moyo, ina nyuzinyuzi, sukari yake ni kidogo mno. Kwetu Walungu tulikula na muhogo wa kuchemsha kila asubuhi, na baba alishika jembe hadi uzeeni.

MamaFuraha: Binti, mawazo nayo hupandisha tansio ya wazazi. Nani anamkosesha amani nyumbani? Anzeni hapo, na chumvi mpunguze.

NesiNguba: Dada, anakunywa dawa gani? Na figo zake?

BintiKadutu: Kaptopril. Nimempunguzia, moja badala ya tatu, maana anakohoa usiku kucha. Daktari alisema pia kreatinini, kile kipimo cha figo, imepanda. Lakini avoka ni tunda, si sumu. Tangu Jumatatu anakula mbili na uji wa kokwa.

NesiNguba: Ndiyo maana niliuliza. Gramu 100 za avoka zina potasiamu kama miligramu 485, kuliko ndizi mbivu. Mwenye figo nzima ziada anaikojoa, na kweli inasaidia tansio. Figo zikichoka inabaki damuni, na kaptopril nayo inaizuia isitoke. Ikizidi, moyo unaweza kusimama ghafla. Kikohozi hicho tunakijua, huletwa na kaptopril, daktari atambadilishia dawa. Usipunguze mwenyewe. Acha avoka na kokwa, apimwe potasiamu.

MzeeEssence: Mimi naona hadithi hii imetungwa. Juzi mtu alileta ya mapera na ugonjwa wa sukari, mwishowe akatuuzia unga. Binti, unauza makokwa?

BintiKadutu: Papa, siuzi kitu. Makokwa sita yako juu ya bati, nimeyakatakata, yamegeuka rangi ya kutu, na vidole vyangu vivyo hivyo. Mama amelala hapa pembeni. Miguu imevimba, nikibonyeza kwa kidole shimo linabaki.

MzeeEssence: Nisamehe, mwanangu.

NesiNguba: Imevimba tangu lini?

BintiKadutu: Ijumaa.

NesiNguba: Usingoje kesho. Beba vidonge vyote na karatasi ya vipimo, uwaambie na habari ya kokwa.

BintiKadutu: Natafuta taksi.